Kisiwa cha Fred Karno ndani ya mto Thames: nini kilimfilisi?

#1 Mpiga Kasia
Wakuu, salaam. Nipo Uingereza mwaka wa sita sasa, nahudumia wazee majumbani upande wa Hampton. Basi langu la asubuhi, namba 111, linapita kando ya mto Thames, na pale kuna kisiwa kinaitwa Tagg's Island. Miaka yote hiyo nilikichukulia kama maegesho ya boti, basi. Juzi bibi mmoja ninayemhudumia akanicheka. Akasema pale palikuwa na hoteli ya mfalme wa vichekesho, na mama yake alikwenda kucheza dansi enzi za usichana wake.

Nikaanza kuchimba. Jamaa aliitwa Fred Karno. Ndiye aliyewanoa Charlie Chaplin na Stan Laurel kabla Hollywood haijawajua. Alikinunua kisiwa, akamwita Frank Matcham, msanifu wa majumba ya maonyesho aliyechora London Coliseum na Hackney Empire, amchoree hoteli. Ikafunguliwa 1913. Akaipa jina Karsino, yaani Karno kajichomeka ndani ya kasino. Miaka kumi na kitu baadaye hana hata senti.

Dai langu: vita ya 1914 ndiyo iliyommaliza. Unafungua nyumba ya starehe mwaka huu, mwaka unaofuata vijana wanasombwa kwenda kufa Ufaransa. Nani aje kucheza dansi? Mwenye maelezo mengine ayalete.

#2 Jicho la Kuku
Uzi wa kisiwa bila picha? Na mkuu unapita hapo kila asubuhi? Naweka kiti nasubiri.

#3 Hakimu wa Kijiweni
#1 umeteleza mlangoni. Karno hakukinunua kile kisiwa, ingawa wengi wanaandika hivyo. Mwaka 1912 alichukua pango. Ardhi ilikuwa na mwenyewe.

Na hapo ndipo jibu lilipo. Mtu kapanga kiwanja halafu anakipandishia jumba la kifahari, bustani, ukumbi na mapambo ya kila aina. Mmewahi kumwona mpangaji anayemjengea mwenye nyumba ghorofa akatoka salama?

#4 Binti Pangani
Hakimu pole pole. Kwetu Tanzania ardhi yote ni ya umma, imewekwa chini ya Rais, na hati wanatoa za miaka 33, 66 au 99. Kwa kipimo chako hakuna Mtanzania mwenye kiwanja. Sote wapangaji, na bado watu wanajenga maghorofa na wanalala usingizi.

#5 Hakimu wa Kijiweni
Wanalala usingizi kwa sababu hawajasoma hati zao.

#6 Mzee wa Kumbi
Kabla hamjafika kwa Karno, jueni kisiwa chenyewe kilitoka wapi, maana mnaruka sura nzima.

Zamani kiliitwa Walnut Tree Ait. Hilo neno la mwisho ni jina la zamani la visiwa vidogo vya mto Thames. Walikuwa wakiishi pale watu wasio na hati yoyote. Katikati ya karne ya 19 akaja mwanasheria wa mambo ya ardhi, Francis Kent, akakinunua na kuwatoa wote. Kisha akaanza kukipangisha vipande vipande. Kipande kimoja kikawa kilabu cha bia cha wavuvi, kingine akapewa Tom Tagg, fundi wa kuunda mashua. Tagg akapanua karakana yake mpaka akashika kisiwa kizima, na miaka ya 1870 akajenga hoteli. Jina lake ndilo lililoganda mpaka leo. Kent mwenye hela hakumbukwi na mtu.

Zilikuwa enzi za watu wa London kupenda mto. Reli ilishafika Hampton Court, hapo jirani na kisiwa, tangu 1849, na tramu za umeme zikaja 1903. Jumamosi mchana unamaliza kazi, unapanda, unashuka, unakodi mashua na mwenzio. Matajiri wakaanza kuegesha maboti ya kuishi, yana vyumba, vibaraza, maua na taa za rangi. Hapo ndipo Karno alipoingia: kwanza kama mtu mwenye boti lake hapo, hoteli ilikuja baadaye. Kwa hiyo alikuwa anakifahamu kisiwa vizuri. Hakudanganywa na dalali.

#7 Mama Kayole
Wadau, mbona mnawapita hao waliofurushwa kama vile si watu? Sisi wa Nairobi tunajua. Ukifurusha watu kutoka kando ya mto, hicho kipande hakitakutulia. Jengo litasimama, lakini biashara itakuwa ikiingia na kutoka. Tagg naye alimalizaje? Hoteli yake ilinawiri milele?

#8 Mzee wa Kumbi
Haikunawiri milele, ilichakaa na ikapita. Ndiyo maana Karno alipata nafasi. Ila dada, hiyo unayoiita laana mimi ningeiita karakana ya mashua iliyozeeka.

#9 Mama Kayole
Laana huja hivyo hivyo, mzee wangu. Haipigi hodi.

#10 Fundi Bomba
Kwanza heshima kwa Karno, maana nimesoma alianza kama mwanafunzi wa ufundi bomba kule Nottingham kabla ya kukimbilia sarakasi. Mwenzetu kabisa. Jina la kuzaliwa Frederick Westcott. Hilo la Karno alilipata kwa kuziba pengo: kundi la watu watatu lililoitwa Three Carnos halikutokea ukumbini, yeye na wenzake wawili wakapanda jukwaani kwa jina lao. Likamkaa, akabadilisha C ikawa K.

Sasa hoja yangu. Mnatafuta vita na laana wakati jibu linadondoka kutoka juu. MVUA. Hoteli ya kisiwani, bustani, muziki wa nje, mashua: vyote vinataka jua. Mimi nilikaa Leeds miaka minne. Kiangazi cha kule ni kama mgeni wa Jumapili, hujamkaribisha vizuri ameshaaga. Miezi mitatu unategemea jua, tisa unawalipa wapishi wakutazame.

#11 Mwana wa Kilindini
Fundi umesema sawa lakini umesahau maji kujaa na kupwa. Mto Thames una bamvua kama bahari, nimeona kwa macho yangu pale London maji yakishuka mpaka tope linaonekana. Mgeni anakuja saa tatu usiku, maji yamepwa, boti limekaa kwenye matope. Atarudi tena huyo?

#12 Mpiga Kasia
Mwana wa Kilindini, bamvua ipo London lakini huku haifiki. Inakomea Teddington, kwenye malango ya maji na ukuta wa kuzuia mto. Tagg's Island kipo juu zaidi, hata lango la Molesey kimelipita. Maji ya hapa yanapimwa na kuachiwa kwa malango, mwaka mzima kimo kinabadilika kidogo tu, labda mafuriko yaje.

#13 Mwana wa Kilindini
Nimekubali. Mpwani kasahihishwa habari za maji na mtu wa basi. Leo silali.

#14 Mlau wa Utete
Hapo kwenye malango ndipo mnaniacha mdomo wazi. Babu yangu alikuwa na shamba kisiwani ndani ya Rufiji. Si kisiwa cha kwenye ramani, ni tuta la udongo mweusi ambalo mto uliliacha, watu wakapanda mlau: maji yakishuka unafuata unyevu, unatia mahindi, kunde na maboga. Tamu sana ile ardhi, hutii mbolea. Mwaka mmoja mvua za bara zikazidi, mto ukapita upande wa pili. Babu alikwenda na jembe akakuta maji matupu. Tuta limehamia kwa jirani, ng'ambo! Jirani akadai ni lake kwa sababu limelala upande wake. Wazee wakakaa siku mbili. Uamuzi: mto umetoa, mto umechukua, asigombane mtu.

Kwa hiyo mimi nikisikia mtu "alinunua kisiwa cha mtoni" nacheka. Labda mto wenyewe uwe umefungwa kamba kama huo wenu.

#15 Hakimu wa Kijiweni
#14 hii ndiyo hukumu bora kuliko zote nilizosoma mwaka huu. Endeleeni.

#16 Dada Sinema
Mnazunguka mbuyu. Kilichomuua Karno ni sinema, tena aliyeishika ile kisu ni mtoto wake mwenyewe. Chaplin alikuwa nyota wa pale Karsino, akiondoka watu nao wanaondoka. Marekani wakamchukua, ukumbi ukabaki na viti.

#17 Mzee wa Kumbi
Dada Sinema nusu kweli, nusu hapana. Chaplin aliingia kwa Karno 1908, akiombewa na kaka yake Sydney ambaye alitangulia. Jina lilipanda kwa kuigiza mlevi katika kichekesho cha Mumming Birds, ambacho Karno alikuwa nacho tangu 1904: jukwaa ndani ya jukwaa, na mlevi kakaa kwenye viti vya wakubwa akiwasumbua wasanii. Karsino inafunguliwa 1913, Chaplin yuko Marekani kwenye ziara ya pili ya kundi, na mwisho wa mwaka huohuo akahamia Keystone kufanya sinema. Asingeweza kuwa nyota wa Karsino.

Ila kisiwani alifika zamani, na kisa chake amekiandika mwenyewe uzeeni. Karno alimwalika botini. Usiku mzuri, taa za rangi zinang'aa, wamekula, wanakunywa kahawa. Mara ikapita mashua ndogo, ndani kijana kavaa suruali nyeupe ya kitajiri yuko na binti, akaanza kupiga kelele za kejeli kwa sauti nyembamba: tazameni boti langu zuri, tazameni taa zangu! Yaani anawacheka hawa wasanii waliotajirika juzi. Karno akainama akamlipulia midomo ile sauti ya aibu mnayoijua. Kijana wapi, anazidi kucheka. Chaplin akasema dawa ni moja tu, tuwe wahuni kama anavyotudhania. Akafungulia matusi mazito mpaka jamaa akaona haya mbele ya binti, akavuta makasia fasta.

Nadhani kile kisa kina jibu kuliko vita. Karno alijenga Karsino ili wale wa suruali nyeupe waje wakae mezani kwake. Na wale ndio walioona taa zake ni za kuchekesha.

#18 Jicho la Kuku
Picha ya hiyo mashua ndogo pia tafadhali.

#19 Binti Pangani
#17 umeandika vizuri lakini unamwonea. Mbona mwanzoni palijaa? Hata hao wakubwa walikwenda. Starehe haina ukoo, ina msimu.

#20 Hesabu za Duka
Ngoja niwaletee daftari, maana hapa kila mtu anaongea na hakuna anayetoa hesabu.

Mwaka 1916 serikali ya Uingereza iliweka kodi ya burudani kwa ajili ya vita. Kila tiketi inakatwa. Wakati huohuo wakabana saa za kuuza pombe. Hoteli ya kisiwani faida yake haitoki kitandani, inatoka kwenye glasi. Ukipunguza saa za glasi, umepunguza kila kitu isipokuwa mishahara, mkaa na pango (Hakimu, pango lako hilo hapo).

Vita ikaisha, yakaja magari. Zamani Hampton Court ilikuwa ndiyo mbali ya kutosha kwa mtu wa tramu. Mwenye gari anapitiliza, anakwenda pwani. Asiye na gari anabaki mjini, kwenye vilabu vya usiku na sinema ya mtaani kwa bei ya kutupa. Karno kabaki katikati: kwa tajiri yuko karibu mno, kwa maskini yuko mbali mno.

Mjomba wangu alifungua baa kando ya Ruvu, juu kidogo ya barabara kuu. Mandhari safi, samaki wa kuchoma, miti ya kivuli. Mwaka wa kwanza unakosa pa kuegesha. Barabara ikapanuliwa, watu wakawa wanapita mwendo wa risasi. Kila mtu anakwambia "ile baa yenu nzuri sana, siku moja nitasimama." Hiyo siku moja ndiyo iliyomfilisi.

#21 Mama Kayole
Pole kwa mjomba. Na kabla ya hiyo baa, hapo palikuwa pa nani?

#22 Hesabu za Duka
Mama Kayole, ukimya ni dhahabu.

#23 Dada Sinema
Sawa nimesahihishwa habari ya Chaplin, lakini hoja ya sinema haijafa. Kisiwa hakikuwa chanzo cha fedha za Karno, kilikuwa mdomo wa kuzila. Fedha ilitoka kwenye makundi yake yaliyozunguka kumbi za vichekesho, mengi kwa wakati mmoja, yenye makao Camberwell kwenye nyumba iliyoitwa kiwanda cha kicheko. Kumbi zikapungua watu kwa sababu ya sinema, makundi yakapungua, kisiwa kikakosa wa kukilisha. Basi. Hata jua lingewaka mwaka mzima.

#24 Fundi Bomba
Lisingewaka.

#25 Hakimu wa Kijiweni
Wapi hasa alianguka? Wapo wanaoandika 1925, wapo wanaoandika 1927. Kisiwa kilimtoka mkononi, na ufilisi wenyewe ukatangazwa. Baadaye alijaribu Hollywood kwa Hal Roach, mtengeneza sinema za vichekesho, haikukaa. Mwisho wake kule Lilippu, sijui naandika sawa, pwani ya Dorset, akiwa na duka la pombe ambalo marafiki wa zamani walimsaidia kulipata, Chaplin akiwamo. Alifariki 1941.

#26 Mzee wa Kumbi
Lilliput. Mengine sawa. Na ongeza hili: jina lake lilishakuwa methali kabla hajafa. Wanajeshi wa vita ya kwanza walijiimba kuwa wao ni jeshi la Fred Karno, kwa sauti ya wimbo wa kanisani, maana yake jeshi la vichekesho lisilojua kulia wala kushoto. Mpaka leo mzee wa Kiingereza akiona kazi imevurugika anasema hivyo.

#27 Mpiga Kasia
Mzee wa Kumbi!! Yule bibi hunitamkia hayo kila nikikosea kutandika kitanda. Miezi nadhani ananisifu kwa nidhamu ya kijeshi.

#28 Jicho la Kuku
😂😂 Uzi umelipa. Picha bado.

#29 Kinanda
Hamjataja boti! Karno aliunda boti la kuishi la kifahari, Astoria, 1911, la mbao za mninga wa kizungu kila kona, na sitaha ya juu ya kubeba okestra nzima. Hilo halikufa. Mwaka 1986 lilinunuliwa na David Gilmour wa bendi ya roki ya Pink Floyd akalifanya studio, sehemu kubwa ya albamu zao za baadaye wamerekodia humo. Ukifika kisiwani unalikuta.

#30 Mpiga Kasia
Kinanda, boti lipo ila si kisiwani. Limeegeshwa juu zaidi ya mto, ukingo wa Hampton, ndani ya bustani ya mtu. Na hiyo mbao ni mahogani, mninga tuuache kwetu.

#31 Kinanda
Fundi wangu wa makabati ndiye aliyeniita mbumbumbu kwanza, wewe wa pili. Asante.

#32 Mama Kayole
Turudi kwa kisiwa. Baada ya Karno walikuja nani, na walitoboa?

#33 Mzee wa Kumbi
Ile hoteli ilibadilishwa majina kama mtu anayekimbia madeni. Ikawa Thames Riviera, ikawa Palm Beach. Wakati wa vita ya pili AC Cars, watengeneza magari wa Thames Ditton, waliingia kisiwani na kiwanda. Baada ya vita waliunda pale vile vigari vya magurudumu matatu ambavyo serikali iliwapa walemavu. Jengo la Matcham lilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Miaka ya 1980 wamiliki wengine wakafanya jambo la ajabu. Walichimba katikati ya kisiwa, wakatoa udongo, wakaingiza maji ndani ili pawe na nafasi zaidi ya kuegesha maboti ya kuishi. Leo kisiwa kimezungukwa na nyumba zinazoelea, nje na ndani.

#34 Mlau wa Utete
Subiri. Wamenunua ardhi halafu wameitoa ardhi ili wapangishe maji?

#35 Mzee wa Kumbi
Ndiyo.

#36 Mlau wa Utete
Babu angeomba kazi.

#37 Mama Kayole
Kent, Tagg, Karno, Riviera, Palm Beach, kiwanda. Wote wamepita. Nani amekaa? Watu wa kwenye maboti, wasiojenga kitu. Kama wale wa mwanzo kabisa. Mimi sisemi tena.

#38 Hesabu za Duka
Hao wa maboti leo si wanyonge, dada yangu. Ulizia bei.

#39 Mchora Ramani
Nimesoma uzi mzima, ahsanteni. Nongwa yangu ni neno "msanii" mnalompa Karno, kama kule #17. Karno alikuwa mwenye kampuni, aliajiri wasanii. Mkitaka msanii kweli mwenye kisiwa cha mtoni nendeni kwa Monet: alikuwa na kipande cha kisiwa pale mto Epte unapoingia Seine karibu na Giverny, akiegesha mashua zake, pamoja na ile aliyochoria ndani.

#40 Dada Sinema
Karno aliruka sarakasi na kuigiza bila maneno kabla ya kuajiri mtu. Akiwa na kampuni usanii unamtoka? Basi nusu ya Bongo Fleva si wasanii.

#41 Mchora Ramani
Nusu nyingine je?

#42 Mpiga Kasia
Nimerudi, jana nilimuuliza bibi moja kwa moja: Karno aliangushwa na nini? Akafikiri, akasema mama yake alisema chakula kilikuwa ghali. Basi. Vita, kodi, sinema, laana, hakutaja hata kimoja.

Na kwa Jicho la Kuku: leo nimeshuka kituo kimoja kabla, nimekwenda mpaka mbele ya daraja dogo la kisiwani. Kuna kibao cha kuzuia wasio wakazi, nikapiga kutoka barabarani. Kilichotoka ni ukungu, matone kwenye kioo cha simu, na kitu cha kijani kwa mbali ambacho huenda ni boti.

#43 Jicho la Kuku
Mvua? Mwezi wa saba?

#44 Fundi Bomba
Sina la kuongeza.

#45 Hesabu za Duka
Mvua ya siku moja si hesabu, Fundi. Mpiga Kasia, muulize bibi chakula kilikuwa bei gani.